Gawanya kwa Nane

Prado ya rangi ya fedha ililipita lori la kabeji kwenye kona, ikarudi upande wake nusu sekunde kabla ya basi kufika.

Jemutai hakuiga ujinga huo. Alingoja basi lipite, akaongeza mafuta, na pikipiki yake ya KTM ikameza mita mia mbili kama si kitu.

Alikuwa ameifuata Prado hiyo tangu Nakuru. Dereva wake alidhani anajua kuendesha gari. Wanaume wengi wenye Prado hudhani hivyo.

Chini ya jaketi alikuwa na Glock 19. Ndani ya helmeti alikuwa na sauti ya Gathogo.

Glock haikuwa inamsumbua.

"Saba, hapa Kituo," Gathogo alisema, akimwita kwa namba yake ya kazi. "Usiiachilie hiyo gari. Mzigo uko ndani."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Jemutai alibadilisha gia. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi hii alikuwa amehudhuria mazishi ya watu watatu waliotumwa na mtu mwenye uhakika wa asilimia mia.

Gathogo alikuwa mshauri wa data wa Idara ya ujasusi. Alikuwa na digrii mbili, viatu vilivyochongoka na ofisi yenye zulia Nairobi. Kompyuta alikuwa amezisoma sana. Kuifungua moja kwa mkono wake, hapana. Kazi hiyo aliwaachia wadogo.

Mzigo wenyewe haukuwa na sura ya kutisha. Ulikuwa kisanduku cha kijivu, ukubwa wa tofali, kilichokaa miaka mingi kwenye stoo ya Idara mjini Nakuru, katikati ya printa mbovu na viti vya miguu mitatu. Saa nne asubuhi wanaume wawili walivunja mlango wa stoo hiyo. Waliziruka laptop mpya kumi na sita. Walimpiga mtunza stoo kichwani kwa chuma, wakachukua kisanduku, wakaenda.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na diski ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa.

Ndani ya diski kulikuwa na majina mia mbili na kumi na manne.

Walikuwa wafugaji, walimu, wauza maziwa, padri mmoja, na mzee wa kanisa ambaye hata mkewe hakujua. Watu waliokuwa wakiinong'onezea Idara, mwaka baada ya mwaka, bunduki zinapitia wapi kutoka kaskazini, nani anazificha, nani anazinunua. Majina yao kamili. Vijiji vyao. Picha na sauti zao. Wengi bado walikuwa hai, na walanguzi wa bunduki walikuwa tayari kumlipa mtu yeyote ambaye angewaletea orodha hiyo.

Mtu huyo alijitokeza. Aliitwa Brandt, mzungu wa suruali za kitani aliyewaambia watu kwamba amekuja kutazama ndege kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Kwa miezi mitano alikuwa ametazama kila kitu isipokuwa ndege.

Saa tano na dakika ishirini Idara ilinasa simu yake. Ilipigwa kupitia setilaiti, kwa hiyo hakuna mnara uliosema ilitoka wapi. Ilikuwa na maneno mawili tu kwa mnunuzi.

Tumeanza kunakili.

Sasa ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Naivasha ilikuwa imebaki nyuma, na Prado ilikuwa inateremka kuelekea Mai Mahiu kama gari lisilo na siri.

Jambo hilo lilimkera Jemutai. Gari lenye siri halikimbii hivyo. Gari hili lilikuwa linataka kuonekana.

"Kituo, nieleze tena hesabu yako," alisema.

Gathogo alipumua kwa nguvu ili asikike akipumua. Alieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Kisanduku kimeandikwa kumi na mbili kwa sekunde. Diski ina megabaiti elfu nne na mia tatu. Gawanya. Sekunde mia tatu hamsini na nane, yaani dakika sita. Brandt alianza kunakili saa tano na ishirini, akamaliza saa tano na ishirini na sita, na sasa anaipeleka nakala kwa mnunuzi Mai Mahiu. Magari manane ya Idara yalikuwa tayari yamepanga kizuizi huko, na yeye alikuwa ndani ya moja.

"Kumi na mbili nini?" Jemutai aliuliza.

"Kumi na mbili kwa sekunde."

"Kumi na mbili nini kwa sekunde?"

"Saba, wewe endesha pikipiki."

Jemutai alitoka barabarani, akasimama kando ya kibanda cha mahindi choma. Prado ikapotea kwenye kona. Gathogo akaanza kupiga kelele sikioni. Jemutai akamzima kwa kidole kimoja.

Kisha akampigia Wachuka.

Wachuka ndiye mama aliyekuwa mtunza stoo. Alikuwa kitandani hospitalini Nakuru na nyuzi kumi na nne kichwani. Miaka mingi iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika majina yale kwenye diski, jina kwa jina, na hakuna mtu Idarani aliyekumbuka kumuuliza chochote asubuhi hiyo. Walikuwa wamemuuliza Gathogo.

"Mathe, pole," Jemutai alisema. "Hicho kisanduku. Karatasi iliyobandikwa chini yake ilisema nini, neno kwa neno?"

Sauti ya Wachuka ilikuwa hafifu lakini haikusita. Alisema ni USB, ya ile ya kwanza kwanza, na waya wake umeungwa ndani, hauchomoki. Karatasi ilisema kumi na mbili, halafu herufi M kubwa, halafu b.

"b ndogo au kubwa?"

"Ndogo, mami. Ndogo kabisa."

"Na inatumia stima gani?"

"Ya ukutani. Ina plagi kubwa kama ya redio ya zamani. Bila soketi haiwaki."

Wachuka akaongeza kwamba mama wa maziwa wa Rongai bado yuko hai, ana wajukuu, na hao watu wakilipata jina lake hawatamwua peke yake. Jemutai alimwambia apumzike. Hakumwahidi kitu. Hakupenda kuahidi.

Kabla ya Idara, Jemutai alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye cyber moja ya intaneti mjini Nakuru, akichoma CD za nyimbo za kwaya na za harusi. Boksi la mashine lilijigamba "52x", na kila mteja alidhani hiyo ni kasi ya ndege. Jemutai alijua x moja ni kilobaiti mia na hamsini kwa sekunde, basi. Zidisha kwa hamsini na mbili upate megabaiti karibu nane. CD nzima ilipaswa kutoka kwa dakika moja na nusu. Ilitoka kwa tatu. Huko ndiko alikojifunza kwamba watengeneza mashine huandika kwenye boksi namba kubwa kuliko zote wanazoweza kuzitetea mahakamani, na kwamba wenye digrii huziamini.

B kubwa ni baiti. B ndogo ni biti. Baiti moja ina biti nane.

Kumi na mbili gawanya kwa nane. Megabaiti moja na nusu kwa sekunde.

Alipiga hesabu iliyobaki akiwa ameegemea pikipiki, huku mwenye kibanda akimtazama. Elfu nne na mia tatu kwa moja na nusu. Dakika arobaini na nane, na hiyo ni ya karatasini. USB ya aina hiyo haikuwahi kutoa zaidi ya megabaiti moja kwa sekunde, hata siku yake nzuri. Dakika sabini na mbili, kasoro kidogo.

Brandt alikuwa bado ananakili. Angemaliza kama saa sita na dakika thelathini na moja.

Na hakuwa ndani ya Prado. Prado haina soketi ya ukutani.

Gari hilo lilikuwa limesimama mara moja tu tangu Nakuru. Kikopey, saa tano na dakika tano, nyuma ya buchari moja ya nyama choma. Lilikaa dakika nne. Jemutai aliripoti. Gathogo alisema wameenda haja. Juu ya paa la mabati la buchari hiyo, kati ya mabomba yaliyojaa masizi, Jemutai alikuwa ameona sahani mpya kabisa ya Starlink, ile intaneti ya setilaiti.

Alikuwa ameiona, akaipita. Alijidharau kwa hilo kwa sekunde mbili, muda uliotosha, kisha akageuza pikipiki.

Alimpigia Kimaiyo, mkuu wa operesheni, moja kwa moja. Kimaiyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Gathogo anasema dakika sita," alisema.

"Gathogo hajui kusoma herufi ndogo."

Kimaiyo alisikika akifunua karatasi.

"Magari yote yako Mai Mahiu, Jemutai. Ukienda Kikopey unaenda peke yako."

"Sawa."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea watu mia mbili na kumi na wanne watakufa, na Gathogo atapandishwa cheo."

Kimaiyo alikata simu. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Aliendesha kama mtu anayejua dakika zake. Malori yalikuwa yamejipanga kwenye mlima, akapita kando yao kwenye changarawe. Saa sita na dakika ishirini aliegesha pikipiki mita mia moja kutoka buchari ile, akavua jaketi, akaingilia jikoni.

Moshi ulikuwa mzito. Mama wa jikoni, mwanamke mnene wa aproni iliyowahi kuwa nyeupe, alikuwa anageuza mbavu kwa mikono yake mitupu. Jemutai alimuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mzungu kwenye vyumba vya nyuma.

Mama huyo hakushangaa. Alisema yupo, chumba cha mwisho, na kama Jemutai amekuja kumwondoa basi amechelewa. Alikuwa ameagiza kilo mbili za mbavu, akazirudisha mara mbili, mara zina mafuta, mara kachumbari ina vitunguu. Yuko na jamaa mwenye bastola kiunoni na fundi mmoja wa kompyuta ambaye wanamzaba makofi.

"Nipe hiyo aproni," Jemutai alisema. "Na mbavu zake."

Alipewa ubao mzito wa kukatia nyama, mbavu zikiwa bado zinachuruzika mafuta ya moto, na kisu. Glock aliishika chini ya ubao. Akapita uani, akagonga mlango kwa kiatu.

"Nyama, boss."

Aliyefungua ni Kahiga, jambazi wa Nakuru ambaye Idara ilimjua vizuri. Alitazama nyama. Aliyeibeba hakumtazama.

Chumba kilikuwa kidogo. Mezani palikuwa na laptop ya ThinkPad, na kando yake kisanduku cha kijivu, kikikwaruza na kugonga kama panya aliyenaswa. Waya wake ulienda ukutani. Kwenye kioo, mstari wa kijani ulikuwa umefika asilimia themanini na tisa. Kwenye kreti ya soda alikaa kijana wa ovaroli, mdomo umepasuka. Kadi shingoni ilisema Zeddy, fundi wa kompyuta na simu, Nakuru.

Brandt alikuwa amesimama, simu sikioni, shati limelowa kwapani. Alikuwa anaomba radhi. Alikuwa amemwahidi mnunuzi dakika sita, ikawa saa nzima, na mnunuzi hakuwa mtu wa kusubiri. Alipokata simu alimgeukia Zeddy. Alizungumza Kiswahili cha shule ya lugha, kilichonyooka kuliko cha mtu yeyote chumbani.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Imeandikwa kumi na mbili. Mbona inakwenda moja?"

"Diski ni mzee, boss," Zeddy alisema. "Mzee haharakishwi."

Jemutai alilitia akilini. Naye Brandt hakujua kugawanya kwa nane. Amevuka bahari mbili, ana pasipoti tatu, na ujinga uleule wa Gathogo.

"Weka hapo, utoke," Brandt alimwambia bila kugeuka.

Jemutai hakuweka hapo.

Alimmwagia Kahiga ubao mzima usoni.

Mafuta ya mbavu za mbuzi hayana huruma. Kahiga aliachia mlio, akashika macho kwa mikono yote miwili, na mkono haukwenda kwenye bastola. Jemutai alimpiga kwa ukingo wa ubao chini ya sikio. Alianguka kama gunia. Bastola yake, Browning ya kutu, iliteleza sakafuni hadi miguuni kwa Zeddy. Zeddy aliikanyaga, akaituliza pale.

Brandt aliruka kuelekea laptop.

Jemutai alipiga risasi moja. Ilitoboa kiganja, ikatoboa na meza. Brandt alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akakaa chini.

Mstari wa kijani ulisema asilimia tisini na moja.

Jemutai alichomoa plagi ukutani. Diski ikazunguka kwa mlio unaoshuka, ikanyamaza.

"Umechelewa," Brandt alisema, meno yamekazana. "Tisini na moja inanitosha. Majina yako ndani."

Aliyemjibu ni Zeddy. Alikuwa anafuta damu mdomoni kwa mkono wa ovaroli, na hakuwa na haraka.

"Hiyo ni faili moja, boss, imefungwa kwa nywila. Ile nywila ulinunua haifungui nusu. Fahirisi iko mwisho kabisa. Hapo uko na takataka tu."

Brandt alimtazama fundi huyo kwa mara ya kwanza. Uso wake ulibadilika, naye akatafuta silaha ya mwisho aliyokuwa nayo. Akasema kwamba ana pasipoti ya kidiplomasia na kwamba kuna watu wakubwa watakaopigiwa simu. Jemutai aliichukua pasipoti mfukoni mwake, akaisoma ukurasa wa kwanza.

"Wamekosea jina la nchi yako," alisema, akairudisha.

Alimfunga Brandt mkono kwa aproni. Kisha akamburuta hadi uani na kumtia pingu kwenye bomba la chuma ambako buchari ilitundika mbuzi waliochunwa. Kahiga alifuata, upande wa pili, katikati yao mbuzi wawili. Wateja waliokuwa wakila kwenye meza za nje walitazama, wakaona ni mambo ya watu wengine, wakaendelea kula.

Simu ilitetemeka. Kimaiyo.

Alisema Prado imesimamishwa Mai Mahiu. Magari manane, bunduki ishirini, na mbwa. Ndani walimkuta dereva mmoja na magunia mawili ya viazi. Gathogo alikuwa bado anavipekua viazi.

"Wewe?" Kimaiyo aliuliza.

"Wawili wamefungwa. Hakuna jina lililotoka."

Kwa mara ya kwanza Jemutai alimsikia Kimaiyo akivuta pumzi kama binadamu. Kisha akamwambia ailinde diski vizuri. Gathogo alitaka irudishwe Idarani ikiwa nzima, iwekwe kwenye hifadhi yake mpya.

Jemutai alirudi chumbani. Zeddy alikuwa bado amekanyaga bastola.

Alimuuliza swali lililokuwa likimkera tangu aingie. Kisanduku kile kina skrubu nne tu. Fundi yeyote wa Nakuru angekifungua, akaitoa diski, akaiunga kwa adapta ya kawaida, na kazi ingekwisha kwa dakika nane. Mbona hakufanya hivyo?

Zeddy alikunja mguu wa ovaroli. Ndani ya soksi kulikuwa na bisibisi, na kando yake adapta, bado kwenye nailoni yake.

"Walinichukua kwa kibanda wakasema ni picha za harusi," alisema. "Nikaona jina la faili. Imeandikwa WATOA HABARI. Madam, mimi ni wa Rongai. Mjomba wangu alipigwa risasi kwa boma lake sababu mtu alisema ati yeye hutoa habari. Nikawaambia hii haifunguki, ni ya kiwanda. Wakanipiga. Nikawaambia tena haifunguki."

"Walikupiga mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa naangalia asilimia."

Jemutai alitazama kisanduku, akawaza hifadhi mpya ya Gathogo, zulia lake, na uhakika wake wa asilimia mia. Akawaza stoo yenye kufuli moja na mwanamke mmoja.

"Kifungue," alisema.

Zeddy alifungua skrubu nne kwa chini ya dakika moja. Kisha akaifungua diski yenyewe, akatoa visahani vitatu vinavyong'aa, safi kama vioo. Jemutai alivipeleka jikoni. Aliomba shoka la mifupa, na mama wa jikoni akasogea kumpa nafasi kwenye gogo. Alipiga kila kisahani mara nne. Vipande akavichota kwa kisu, akavitia kwenye makaa, chini kabisa, ambako moto ulikuwa mweupe.

Walisimama watatu wakitazama vikikunjamana.

Simu tena. Kimaiyo aliuliza diski iko wapi.

"Imeharibika kwenye operesheni."

"Imeharibika vipi?"

"Kabisa."

Nyuma ya Kimaiyo, Gathogo alisikika akidai apewe simu.

"Andika hivyo," Kimaiyo alisema hatimaye, akakata.

Polisi wa Gilgil walifika na magari mawili na ving'ora, vumbi likaingia kwenye sahani za watu. Inspekta aliteremka akishika kofia, akatazama mzungu aliyening'inia kando ya mbuzi, akatazama damu, akamuuliza Jemutai ni nani anayesimamia hapa.

Jemutai alimwonyesha mama wa jikoni, akavaa helmeti, akawasha KTM na kushika njia ya Nakuru, kwenda kumwambia Wachuka yeye mwenyewe.